Maneno ya Dini ya Jirani

Neno geni ni kama mgeni aliyekaribishwa nyumbani. Siku ya kwanza hutazamwa na kila mtu. Akikaa sana huhesabiwa miongoni mwa watoto wa nyumba, na hapana amwulizaye tena alikotoka. Katika Kiswahili tunachosoma wewe na mimi mna wageni wengi wa namna hii, na sehemu kubwa yao waliingia kwa mlango wa dini ya Kiislamu. Katika insha hii nataka kukutajia baadhi ya maneno ya dini hiyo, kukueleza maana yake kwa Mwislamu, na kukuonyesha undugu wake na maneno uliyo nayo kinywani tangu utoto. Sikuandikii ili uiache dini yako. Mimi mwenyewe nililelewa katika nyumba ya Kikristo kwenye mteremko wa Mlima Kenya, na ningali Mkristo. Naandika kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na tena kwa kuwa nimeona kwamba neno lisiloelezwa shuleni huelezwa njiani, na aelezaye njiani si lazima awe mwema.

Katika Meru na Embu Waislamu ni wachache, lakini si watu wa mbali. Misikiti imo mjini Meru na mjini Embu, na sauti ya adhana hufika sokoni. Isiolo, mji wenye Waislamu wengi, uko mwendo mfupi chini ya mlima upande wa kaskazini. Miraa ya Igembe na Tigania imewalisha wakulima wetu miaka mingi kwa sababu ina wanunuzi wengi miongoni mwa Wasomali, ambao ni Waislamu. Basi ni ajabu kwamba kijana aweza kuishi karibu na jirani Mwislamu tangu kuzaliwa kwake, akanunua sukari dukani kwake, akacheza mpira na wanawe, lakini akiulizwa kadhi ni nani, au zaka ni nini, hujibu kwa kubahatisha. Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza.

Taa ya kwanza mimi niliipata katika chuo cha ualimu. Niliwekwa chumba kimoja na kijana wa Isiolo. Kila siku kabla ya mapambazuko aliamka polepole, akachukua kopo la maji akatoka nje. Akarudi, akatandika mkeka wake mdogo, akasimama kuuelekea ukuta wa kaskazini. Siku moja nilimwuliza kwa nini daima ukuta ule. Akacheka, akaniambia, "Ndugu yangu, wewe wasomea kufundisha Kiswahili. Maneno haya yote unayo, ila hujayafungua." Kisha akanifundisha kwamba neno la Kiarabu aghalabu limekaa juu ya herufi tatu, kama chungu kinavyokaa juu ya mafiga matatu. Ukiyajua mafiga, hutapotea jikoni hata chungu kikibadilishwa. Ufunguo huo ndio nitakaokupa.

Tuanze na jina la dini yenyewe. Mafiga yake ni herufi s, l na m. Juu ya mafiga hayo Kiswahili kimepika salama, usalama, salamu, na kusalimu amri. Uislamu maana yake ni kujisalimisha kwa Mungu. Mwenye kujisalimisha huitwa Mwislamu, na aingiaye katika dini hiyo husemwa kuwa amesilimu. Waislamu wakikutana huamkiana "Assalamu alaykum", yaani, amani iwe juu yenu. Naye aliyeamkiwa hurudisha amani ile ile kwa mwenziwe. Wewe usemapo "salamu zako nimezipata", umelishika tawi moja la mti huo.

Mungu huitwa na Mwislamu Allah. Wapo wanaodhani kwamba huyo ni mungu mwingine, wa Waarabu peke yao. Sivyo: Wakristo wa nchi za Kiarabu nao hulitumia jina hilo katika Biblia zao na katika sala zao. Tena Mwislamu wa pwani yetu, azungumzapo Kiswahili, husema Mwenyezi Mungu. Na neno Mungu halikutoka Arabuni. Ni la Kibantu, ndugu wa tumbo moja na neno Murungu la Wameru. Basi nyanya wa Kimeru amwombaye Murungu, na sheikh wa Lamu amwombaye Mungu, wanatumia neno moja kwa lafudhi mbili. Waswahili waliposilimu karne nyingi zilizopita hawakulitupa jina walilolikuta. Walilichukua wakaingia nalo msikitini.

Dini ya Kiislamu imesimama juu ya nguzo tano: shahada, swala, zaka, saumu na hija. Nguzo ni neno letu la ujenzi. Nyumba ikipungukiwa nguzo hulala upande.

Nguzo ya kwanza ni shahada. Mafiga yake ni yale yale ya shahidi na ushahidi, maneno yasemwayo kila siku mahakamani Embu na Meru. Shahada ni kushuhudia kwa ulimi na kusadiki kwa moyo kwamba hapana mungu ila Allah, na kwamba Muhammad ni Mtume wake. Muhammad alizaliwa Makka yapata mwaka 570. Mwaka 622 alihamia Madina. Kuhama huko huitwa Hijra, na ndio mwanzo wa hesabu ya miaka ya Kiislamu. Alifariki mwaka 632. Mwislamu amtajapo humwombea rehema na amani, na ndiyo sababu huziona katika vitabu herufi S.A.W. baada ya jina lake. Nasi watu wa vyuo tukiitwa kupewa cheti cha chuo kikuu twasema tumepata shahada. Cheti hicho ni ushahidi wa elimu. Neno ni lile lile, shahidi ndiye aliyebadilika.

Nguzo ya pili ni swala. Mkristo huandika sala, Mwislamu wa siku hizi hupenda kuandika swala. Asili ni moja. Mwislamu huswali mara tano kila siku: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Tazama, msomaji, saa zako zimepewa majina na swala za jirani yako. Mama akikuambia umfuate shambani alasiri, amekutajia wakati wa swala ya tatu. Kila swala ina sehemu ziitwazo rakaa: mbili alfajiri, nne adhuhuri, nne alasiri, tatu magharibi, nne isha; jumla 17 kwa siku. Kabla ya kuswali Mwislamu hutawadha, yaani huosha uso, mikono na miguu na kupaka maji kichwani kwa utaratibu maalumu; hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kopo la rafiki yangu. Adhana ni mwito wa swala, na aitaye ni mwadhini. Imamu ni yule asimamaye mbele kuwaongoza wenziwe. Msikiti ni neno la Kiarabu lililobadilika sauti katika vinywa vyetu. Maana yake ni mahali pa kusujudu.

Na ule ukuta wa kaskazini? Huo ulikuwa upande wa kibla, yaani upande wa Makka, ambako iko nyumba iitwayo Kaaba. Kwa mtu aliyesimama Meru, Makka iko kaskazini karibu sawasawa, ikielekea mashariki kidogo tu. Ni kama kutazama njia ya Marsabit. Mwislamu wa Moroko huelekea mashariki, na wa Bara Hindi huelekea magharibi. Hawauabudu upande, wanakusanya nyuso zao mahali pamoja.

Kukusanya kunatuleta kwenye Ijumaa. Mafiga yake hupika pia jamii, jamaa na jumuiya. Ijumaa ni siku ya Waislamu kukusanyika kwa swala ya mchana na kusikiliza hotuba. Mkatoliki wa Meru aendaye kusali na jumuiya ndogo ndogo ya kijiji chake ametumia neno la mkusanyiko ule ule. Na hapa pana jambo linalowachekesha wanafunzi wangu kila mwaka. Waarabu huanza kuhesabu siku Jumapili, hivyo siku yao ya tano ni Alhamisi, ambayo jina lake lina maana ya tano. Waswahili waliiheshimu Ijumaa, wakaanza kuhesabu siku iifuatayo: Jumamosi ni siku ya kwanza, Jumapili ni ya pili, na ya tano ni Jumatano. Basi juma letu lina siku mbili za tano zinazofuatana, moja kwa Kibantu na moja kwa Kiarabu, na hapana aliyewahi kuchelewa shule kwa ajili hiyo.

Nguzo ya tatu ni zaka. Hapa yakupasa kuwa mwangalifu, maana neno moja lina vipimo viwili. Katika makanisa yetu zaka ni fungu la kumi. Kwa Mwislamu, zaka ya fedha ni moja katika arobaini: mwenye akiba ya shilingi 400,000 iliyokaa mwaka mzima hutoa shilingi 10,000. Hailipwi na kila mtu, bali na yule ambaye mali yake imefikia kiasi kiitwacho nisabu, ambacho kwa dhahabu ni yapata gramu 85. Nafaka ina hesabu yake: iliyokuzwa kwa mvua hutolewa moja katika kumi, na iliyokuzwa kwa kumwagiliwa maji kwa gharama hutolewa moja katika ishirini. Mkulima wa Embu ajuaye uzito wa kuvuta maji mpaka shambani ataiona haki ya hesabu hiyo bila kufundishwa. Tena zaka si hisani ya tajiri. Ni haki ya maskini iliyowekwa ndani ya mali ya tajiri. Kile akitoacho mtu kwa hiari yake huitwa sadaka.

Nguzo ya nne ni saumu, yaani kufunga katika mwezi wa Ramadhani. Usiichanganye na kitunguu saumu. Huyo ni mgeni mwingine aliyefanana naye kwa sauti tu. Afungaye hali wala hanywi, hata maji, tangu alfajiri mpaka jua kutua, naye hutakiwa auzuie ulimi wake na uovu kama auzuiavyo mdomo wake na chakula. Hula daku usiku wa manane na hufuturu magharibi, aghalabu kwa tende na uji. Mgonjwa, msafiri, mzee dhaifu na mama mwenye mimba wana ruhusa zao. Sisi tunaokaa karibu na mstari wa Ikweta tuna siku zisizotofautiana sana, hivyo kufunga kwa Meru ni yapata saa kumi na tatu na robo mwaka wowote, lakini katika nchi za kaskazini ya Ulaya wakati wa kiangazi siku ya kufunga hupita saa kumi na minane.

Wanafunzi huniuliza kwa nini Ramadhani haikai mahali pamoja. Sababu ni kwamba mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, nao una siku 354 au 355. Kila mwaka Ramadhani hutangulia kwa siku kama kumi na moja, na katika muda wa miaka 33 hivi huuzunguka mwaka wote. Mimi nimeivuka miaka 33. Basi Ramadhani imekwisha kupita katika kila msimu wa maisha yangu, katika mvua ndefu za Aprili, katika baridi ya Julai, na katika mvua fupi za Novemba. Mwezi wa Ramadhani ukiisha huja Idd-ul-Fitri, sikukuu ya kufungulia, ambayo Kenya imeifanya kuwa sikukuu ya taifa zima. Kabla ya swala ya Idd kila nyumba yenye uwezo humtolea kila mtu wake pishi moja ya chakula wapewe maskini, ili pasiwe na mwenye njaa siku ya furaha.

Nguzo ya tano ni hija, safari ya Makka, ambayo humpasa Mwislamu mara moja katika maisha yake akiwa na afya, nauli na njia ya salama. Mwezi wake huitwa na Waswahili Mfungo Tatu, na sikukuu yake ni Idd ya kuchinja. Aliyehiji huitwa haji au alhaji.

Sasa tuvitazame vitabu. Kitabu cha Waislamu ni Kurani, nacho kina sura 114. Neno sura umelitumia katika kila kitabu cha riwaya ulichosoma. Mwislamu huamini kwamba Kurani ni neno la Mungu lililoteremshwa kwa Muhammad. Hadithi, kwa mwanafunzi wa fasihi, ni ngano ya sungura na fisi. Lakini kwa Mwislamu hadithi ni habari ya jambo alilosema au kutenda Mtume, iliyopokewa kwa mlolongo wa mashahidi wanaojulikana. Ukimwambia Mwislamu, "Hizo ni hadithi tu," waweza kumwudhi bila kukusudia. Mwenendo wa Mtume huitwa sunna.

Katika Kurani utawakuta Ibrahimu, Musa, Daudi, na Yahya ambaye ni Yohana Mbatizaji. Utamkuta Isa, ndiye Yesu, na sura ya 19 inaitwa kwa jina la mama yake, Maryamu. Lakini nakusihi usifanye haraka kusema kwamba dini hizi mbili ni moja. Mwislamu humheshimu Isa kuwa nabii mkubwa, hamkiri kuwa Mwana wa Mungu. Mkristo hukiri hivyo, na ndio moyo wa imani yake. Majirani wawili waweza kuteka maji katika kisima kimoja na kupika vyakula mbalimbali. Heshima ya kweli haifichi tofauti. Huitaja kwa adabu.

Twende kwenye halali na haramu. Halali ni lililoruhusiwa, haramu ni lililokatazwa. Watu wengi hudhani Mwislamu ana vyumba hivyo viwili tu. Ana vitano: faradhi, ambalo ni la lazima, sunna, ambalo hupendekezwa, mubaha, ambalo mtu yu huru nalo, makuruhu, ambalo ni afadhali kuliacha, na haramu. Mfano wetu uko shambani. Wanazuoni wa Kiislamu wamehojiana muda mrefu juu ya miraa: wako wasemao ni haramu, wako wasemao ni makuruhu, na wako wasioikataza. Mwanachuoni akiulizwa swali kama hilo akatoa jibu, jibu lake huitwa fatwa. Basi fatwa si hukumu ya kuua mtu, kama wengine walivyosikia katika habari za dunia. Ni rai ya mwenye elimu juu ya swali aliloulizwa, na mwenye elimu mwingine aweza kujibu vingine.

Neno sharia huwatisha watu, lakini sheria hutii kila siku barabarani. Ni neno moja. Katika Kiarabu cha kale lilikuwa na maana ya njia iendayo penye maji. Mtu wa Mbeere, nchi ya jua na mawe, ajuaye umbali wa mto wakati wa kiangazi, ataifahamu maana hiyo kuliko mwenye bomba nyumbani. Kwa Mwislamu sharia ni njia ya kuishi kama atakavyo Mungu, nayo inahusu swala na usafi, ndoa na mirathi, biashara na hukumu.

Kadhi ni hakimu wa mambo hayo. Kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 neno hili lilitajwa sana makanisani, na wengine waliogopa kwamba Mkristo atapelekwa mbele ya kadhi. Soma mwenyewe Katiba ya Kenya, kifungu cha 170. Mahakama ya Kadhi huamua mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, tena pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Wala haikuanza mwaka 2010. Ilikuwamo katika katiba ya uhuru ya mwaka 1963. Na kama wapenda historia, kumbuka jambo hili: mmisionari Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, alisaidiwa na kadhi wa mji ule. Miaka mitano baadaye, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf huyo huyo aliuona mlima wetu kwa mbali kutoka Kitui. Nasi tulio miguuni pa mlima tunasoma Biblia yenye nabii, malaika, dhambi, imani na neema, maneno ambayo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuyapokea kutoka kwa lugha ya Waislamu.

Nimeliacha kwa makusudi neno zito kuliko yote, ambalo ni jihadi. Mafiga yake ni j, h na d. Juu ya mafiga hayo tumepika juhudi na jitihada. Mara tatu kwa mwaka naandika katika ripoti za wanafunzi, "Aongeze juhudi," na hapana mzazi aliyekuja shuleni kwa hofu. Jihadi maana yake ni kujitahidi katika njia ya Mungu. Wanazuoni huweka mbele jihadi ya mtu kupambana na ubaya wa nafsi yake. Ni kweli kwamba katika vitabu vya sheria neno hili lina maana ya vita pia, na msomaji mwaminifu hatalificha jambo hilo. Lakini vita hivyo viliwekewa masharti, na miongoni mwa masharti hayo ni kutowaua wanawake na watoto. Hali kadhalika neno kafiri. Mafiga yake ni ya kufunika, na maana yake ni mtu aifunikaye kweli aliyoonyeshwa. Wakristo na Wayahudi wana jina lao katika Kurani, Watu wa Kitabu.

Sasa sikiliza kwa nini nasema kwamba maneno si mchezo. Tarehe 22 Novemba 2014 wauaji wa al-Shabaab walisimamisha basi katika Mandera. Waliwatenga abiria, wale walioshindwa kusoma maneno ya dini ya Kiislamu waliuawa. Watu 28 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Maneno ambayo Mwislamu hufundishwa ili amkumbuke Mungu yaligeuzwa kuwa mizani ya kuua. Tarehe 21 Desemba 2015 walisimamisha basi jingine, katika Mandera hiyo hiyo, wakataka abiria wajitenge vivyo hivyo. Lakini siku hiyo abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na abiria wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Miongoni mwa waliokataa alikuwa mwalimu Mwislamu, Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alipigwa risasi, akafa Januari 2016, na Serikali ya Kenya ikamtunukia nishani baada ya kufa kwake.

Wauaji wa basi la kwanza na mwalimu wa basi la pili walikuwa na maneno yale yale: shahada, jihadi, kafiri. Tofauti yao ilikuwa katika maana. Hao waliyachukua maneno kama mtu aokotaye panga njiani. Yeye aliyajua kama mtu ajuavyo nguzo za nyumba aliyozaliwa. Ndiyo sababu siwaachii wauaji kazi ya kukufasiria maneno haya. Mwenye kukufundisha maana ya jihadi awe mwalimu Farah.

Basi, msomaji wangu kijana, nakuusia mambo matatu. Kwanza, usikiapo neno la dini ya mwenzio, tafuta mafiga yake kabla ya kuogopa chungu. Pili, mwulize aliye nalo. Katika shule nyingi za Kenya husomwa Elimu ya Dini ya Kikristo, na katika baadhi husomwa ya Kiislamu; lakini katika kila kijiji chenye msikiti yuko mzee ambaye atafurahi kuulizwa kwa adabu swali la kweli. Uliza ili ujue, usiulize ili ushinde. Tatu, usiposhawishika na dini yake, baki katika yako kwa amani. Ujuzi wa njia ya jirani haukupotezi njia ya kwenu.

Mafiga ya neno mwalimu, nimalizie, ndiyo mafiga ya elimu na ya maalumu. Neno darasa nalo ni ndugu wa madrasa, ambamo mtoto Mwislamu hujifunza kusoma Kurani. Kesho utakapoingia darasani kabla ya kengele, ukamwona mwenzako wa dawati la pili amefunga na midomo yake imekauka, utakuwa na maneno ya kumwambia. Mwambie, "Saumu njema." Halafu ukae naye, mfungue vitabu vyenu.